Kweli au Uongo: Nani Anauliza na Nani Anameza Tu, Milimani Usambara

Mtu wa dini huamini, mtu wa sayansi huhoji. Kauli hii imezoeleka kiasi kwamba pande zote mbili huitumia kujisifu: mmoja anaona imani yake ni imara kwa kuwa haina maswali, mwenzake anaona akili yake ni huru kwa kuwa haina imani. Naamini wote wawili wamekosea, na sijui mahali panapolionyesha hilo vizuri kuliko Lushoto. Katika milima hii ya Usambara wamepita wafalme wa mvua, masheikh, wamisionari wa Kijerumani, mabwana shamba wa Kiingereza, wachunguzi wa mbu na wachunguzi wa panya. Kila mmoja alikuja na jambo alilotaka liaminiwe. Wasambaa walipokea mengine, wakakataa mengine, na mara nyingi sababu zao hazikuwa zile walizosingiziwa.

Hapa chini ni madai yanayosikika sana kuhusu habari hizo, kila moja na hukumu yake.

“Wasambaa wa kale walimwamini mfalme wa mvua bila kuuliza chochote.”

Nusu kweli.

Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alipanda mpaka Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa ukoo wa Wakilindi. Kimweri alikuwa mtawala na mwamuzi, na kwa imani ya watu wake alikuwa pia mwenye mvua. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika vitabu viwili vikubwa juu ya Wasambaa, cha kwanza mwaka 1974 na cha pili mwaka 1990, anaeleza jinsi imani hiyo ilivyofanya kazi. Nguvu za mvua zikiwa mkononi mwa mfalme mmoja asiyepingwa, nchi hupona. Zikiwa kwa wakubwa wanaoshindana, nguvu hupambana na nguvu, na nchi huumia kwa ukame, njaa na vita.

Ukiitazama vizuri, hiyo ilikuwa nadharia ya utawala. Mkulima aliyesema nchi imeharibika alikuwa anawahukumu wakubwa wake, tena kwa lugha ambayo wao wenyewe waliikubali. Na alikuwa na ushahidi. Kimweri alipofariki mwanzoni mwa miaka ya 1860, warithi walipigana kwa miaka mingi, watu wakatekwa na kuuzwa utumwani, mashamba yakaachwa. Ugomvi wa wakubwa na njaa ya wadogo vilifuatana mbele ya macho yao, wala hakukuhitajika uganga wowote kuunganisha mambo hayo mawili.

Nasema nusu kwa sababu imani hiyo haikuacha mlango wa kukosolewa. Mvua ikinyesha, mfalme ana nguvu. Isiponyesha, kuna mshindani anayemhujumu, au mfalme ameudhiwa. Hakuna msimu hata mmoja ambao ungeweza kuonyesha kwamba mfalme hana mvua kabisa. Watu waliuliza kwa ukali mvua iko kwa nani, lakini kama mvua ina mwenyewe, hilo halikuulizwa. Naomba msomaji alishike jambo hili la mlango uliofungwa, kwa sababu tutakutana nalo tena mahali ambapo wengi hawalitegemei: katika ofisi ya kilimo.

“Wakulima walikataa matuta kwa ujinga na uvivu.”

Uongo, na ni uongo ulioaminiwa maofisini kwa miaka.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilitazama Usambara ikaona udongo unateremkia mitoni. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Watu walikuwa wameongezeka, miteremko mikali ilikuwa inalimwa, na masika rangi ya maji ya mto ilisema yenyewe. Mwaka 1946 mpango ulianzishwa katika bonde la Mlalo, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulikuwa umetandazwa Usambara nzima. Dawa iliyoagizwa ni matuta: mwenye shamba la mteremko ajenge matuta yanayofuata usawa wa kilima, kisha ayafunge kwa vijituta vya kukatiza ili maji yatuame kwenye visanduku na kuzama, badala ya kukimbia na udongo. Miteremko mikali zaidi isilimwe mazao ya msimu. Aliyekaidi alitozwa faini au alifungwa.

Kwenye karatasi hesabu ilikaa sawa. Shambani yakajitokeza mambo ambayo karatasi haikuyaandika. Kazi ya jembe kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wanawake, na hao ndio walioongezewa mzigo. Kuchimba tuta kunafukua udongo wa chini, usio na rutuba, na kuuleta juu. Kilimo cha zamani cha migomba, mahindi na maharage katika shamba moja kilikuwa tayari kinaifunika ardhi isipigwe moja kwa moja na matone ya mvua, lakini maarifa hayo hayakuhesabiwa kuwa maarifa.

Zito kuliko yote lilikuwa suala la ardhi yenyewe. Maskini wa Usambara aliishi kwa kuazima shamba. Mwenye ardhi nyingi alimpa jirani kipande alime, bila mwenye ardhi kupoteza haki yake. Mtu akijenga matuta katika shamba la kuazima, ameweka humo jasho la kudumu, na kesho anaweza kudai kwamba shamba ni lake. Kwa hiyo mwenye ardhi angeacha kuazimisha, na asiye na ardhi angekosa pa kupanda. Wakulima waliliona hilo mapema kuliko wataalamu. Walikuwa wanauliza nani atakula wakati kazi inaendelea, nani atamiliki baada ya kazi kwisha, na nani atalipa ikiwa mavuno yatashuka. Mtu anayeuliza hivyo hajaikataa sayansi. Ameifanyia mtihani ambao wenye sayansi walipaswa kuufanya wenyewe kabla ya kutunga faini.

Na sasa ule mlango. Mazao yakiwa mazuri, matuta yamefanya kazi. Yakiwa mabaya, mkulima hakujenga sawasawa, amefanya uvivu, au amechochewa na wanasiasa. Hakukuwa na msimu ambao ungeweza kuonyesha kwamba agizo lenyewe lina kasoro. Mabwana shamba wale walikuwa na vipimo vya mteremko na shahada za vyuo vikuu, lakini walikuwa wamefunga mlango ule ule uliofungwa Vuga, na kwa bidii zaidi, maana wao walikuwa na polisi.

Chama cha TANU kilipoundwa mwaka 1954, malalamiko ya matuta yalikuwa yanakisubiri milimani. Katika milima ya Uluguru, ambako mpango wa aina hiyo ulilazimishwa, mambo yalifikia ghasia Julai 1955, polisi wakapiga risasi na mtu akafa. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha, mpango wa Usambara nao ulikuwa umekufa.

Kinachomaliza ubishi huu kwangu ni yaliyokuja baadaye. Miaka ya 1980, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, Lushoto ilianzishiwa mradi wa kuzuia mmomonyoko uliojulikana kama SECAP. Tatizo lilikuwa lile lile, milima ile ile, na wengi wa wakulima walikuwa watoto wa wale waliotozwa faini. Safari hii walihimizwa kupanda mistari ya majani na miti kwa kufuata usawa wa kilima, na majani hayo, hasa yale ya Guatemala, yalikuwa chakula cha ng'ombe wa maziwa anayefugwa bandani. Mstari unaozuia udongo unamlisha ng'ombe, ng'ombe anatoa maziwa na samadi, samadi inarudi shambani. Si kila mtu aliyepokea, na si kila mstari uliodumu. Lakini hata leo ukipanda kutoka Soni kuelekea Lushoto utayaona majani yale kando ya matuta ya kabichi na karoti, wala hakuna bwana shamba anayesimama pale na daftari la faini. Watu walewale walioambiwa hawaelewi waliyaelewa mambo vizuri yalipoletwa kwao yakiwa na majibu ya maswali yao.

“Tauni iliua Lushoto kwa sababu watu waliamini uchawi badala ya sayansi.”

Kweli kwa upande mmoja, na nitausema upande huo bila kuzunguka, kwa sababu watu walikufa.

Tauni ililipuka Lushoto mwaka 1980 na kuendelea kurudi kwa zaidi ya miaka ishirini, hasa upande wa kaskazini wa Usambara Magharibi. Wagonjwa waliorekodiwa walizidi 7,000, na waliofariki walikuwa mamia. Ni ugonjwa wenye haraka: homa kali, kichwa, kisha mitoki inavimba kinenani au kwapani na kuuma vibaya. Ikifika kwenye mapafu, siku ni chache mno. Na dawa ipo. Streptomaisini na viuavijasumu vingine huitibu vizuri mgonjwa akiwahi. Kwa hiyo kila siku iliyotumika kumtafuta mchawi ilikuwa siku iliyotolewa kwenye uhai wa mgonjwa. Hapo sina la kutetea.

Upande wa pili hausemwi. Mtu wa kijijini alisema nini hasa alipotaja uchawi? Alisema kwamba ugonjwa huu unachagua. Umeingia nyumba hii, umeiruka ile. Umepiga kijiji hiki mara tatu, na kijiji cha ng'ambo ya korongo, chenye panya wale wale, haujakigusa. Alichokiona alikiona sawasawa. Kosa lake lilikuwa jibu, maana alipokosa sababu alimtafuta mtu. Lakini swali lake, kwa nini hapa na si pale, ndilo lililowapeleka watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao kutoka Ubelgiji huko milimani kwa miaka mingi. Walipima mwinuko, udongo, mimea, aina za panya, idadi ya viroboto, na hata njia ambazo watu hupita kwenda kuchota maji na kukata kuni.

Tena wanasayansi nao walikuwa na imani zao za kumeza. Tuirudie historia. Mwaka 1894 Alexandre Yersin alikitambua kijidudu cha tauni huko Hong Kong. Sasa ikabaki kujua kinavyomfikia binadamu. Wengi walishika kwamba ni kwa uchafu, kwa hewa mbaya au kwa kugusa. Mwaka 1898, huko Karachi, daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alifanya jaribio ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili angeweza kulielewa. Alimweka panya mgonjwa mwenye viroboto ndani ya chupa kubwa ya kioo. Panya huyo alipokaribia kufa, Simond aliingiza humo kizimba cha waya chenye panya mzima, akakiweka mahali ambapo panya hao wawili hawakuweza kugusana lakini kiroboto angeweza kuruka na kupita. Panya mzima akaugua tauni akafa. Aliporudia kwa panya mgonjwa asiye na viroboto, aliye jirani hakuugua. Basi. Ungedhani dunia ya sayansi ingesimama na kupiga makofi. Simond alipuuzwa na wataalamu wakubwa kwa miaka, mpaka tume ya uchunguzi ya Waingereza nchini India iliporudia majaribio ya namna hiyo katikati ya muongo uliofuata. Watu waliokuwa na hadubini mezani hawakutaka kutazama kile ambacho hakikulingana na walichofundishwa.

Lushoto imechangia ukurasa wake kwenye habari hiyo. Kitabu cha shule kinasema tauni huletwa na kiroboto wa panya. Mwaka 2007 watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya Lushoto walichapisha kwamba vijiji vilivyoandamwa zaidi na tauni vilikuwa pia na wingi zaidi wa kiroboto wa binadamu, yule anayeishi kwenye sakafu za udongo na malazi. Kufuatana kwa mambo mawili hakuthibitishi kwamba moja limeleta lingine, na watafiti makini huliweka wazi hilo. Lakini ilitosha kuuliza upya jambo ambalo vitabu vilikuwa vimelifunga kwa karibu miaka mia. Na lilikuwa na maana kwa mtu wa kawaida: sakafu ya nyumba yako na mkeka wako vinahusika, mbali na panya wa shambani.

“Mumiani walikuwa wanakaa Amani.”

Uongo. Hakuna mtu aliyekuwa ananyonywa damu ili itengenezwe dawa za Wazungu.

Lakini uvumi huu ulienea Afrika Mashariki nzima wakati wa ukoloni, na haukuota hewani. Amani, Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Baadaye, chini ya Waingereza, pakawa makao ya utafiti wa malaria. Utafiti wa malaria ni utafiti wa damu. Watu weupe na wasaidizi wao walifika kijijini, wakawapanga watoto, wakawatoboa vidole, wakapaka damu kwenye vioo, wakaondoka navyo. Majibu hayakurudi. Mzazi aliyeuliza damu inakwenda wapi hakupata mtu wa kumweleza kwa lugha yake.

Mtu akinyimwa jibu hubuni la kwake. Jibu lililobuniwa lilikuwa baya na liliwatia watu hofu ya hospitali kwa vizazi. Hata hivyo ndani yake lilikuwamo dai la haki: damu yangu ni yangu, na mnaichukua bila kunieleza. Leo utafiti wowote wa afya Tanzania lazima upitie kamati ya maadili, na mshiriki aelezwe na kuridhia kabla ya kutolewa chochote. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipofanyiwa majaribio makubwa, kimojawapo cha vituo vyake kikiwa Korogwe, chini tu ya milima hii, wazazi walielezwa kwanza na kuweka sahihi au alama ya dole gumba. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, sehemu ya ushahidi wake ilikuwa imetoka kwa watoto wa majaribio hayo, ambao wazazi wao waliulizwa. Nafurahi sana kuandika sentensi hiyo.

“Juu milimani hakuna malaria.”

Uongo wenye asili ya kweli. Vipimo vilivyofanywa Usambara vimeonyesha kwamba maambukizi hupungua sana kadiri unavyopanda kutoka tambarare kwenda juu, kwa sababu baridi humchelewesha mbu na kijidudu kilichomo ndani yake. Kupungua si kwisha. Na anayeishi juu hana kinga ya mwili aliyonayo mtu wa Mombo au Korogwe, kwa hiyo akishuka kwenda mnadani au kulima bondeni na kurudi na homa, apimwe siku hiyo hiyo.

“Mwenye imani ya kweli haulizi.”

Uongo, na wanaousema wanawadhulumu waumini wenzao.

Lushoto ni mji ambao adhana na kengele husikika katika bonde moja, na makao makuu ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT yapo hapo. Basi tuwaulize wote wawili kutoka kwao wenyewe. Katika Kurani, ndani ya Sura ya Pili, Nabii Ibrahim anamwomba Mwenyezi Mungu amwonyeshe jinsi anavyowahuisha wafu. Anaamini, lakini anataka moyo wake utulie. Hakufukuzwa, alionyeshwa. Katika Agano Jipya, Tomaso alitaka kuona na kugusa majeraha, na Yesu akamwita aje aguse. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo kisha wakaenda kuchunguza maandiko kila siku waone kama aliyosema ni kweli, na kitabu cha Matendo kinawasifu kwa hilo. Ibn al-Haytham, Mwislamu mchamungu wa karne ya 11 na baba wa elimu ya nuru, aliandika kitabu kizima cha kumtilia shaka Ptolemy, bingwa wa unajimu wa kale, kwa hoja kwamba wakubwa wa elimu nao hukosea. Anayemkataza muumini kuuliza hana pa kuegemea katika vitabu hivyo.

Mfano wa karibu zaidi ni Lutindi, katika milima hii hii. Mwaka 1896 wamisionari walianzisha pale kituo cha watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia 1904 kikapokea wagonjwa wa akili. Hii ni moja ya hospitali za kwanza kabisa za akili Afrika Mashariki, na bado inafanya kazi chini ya Kanisa. Wakati ambapo mgonjwa wa akili alihesabiwa kuwa amepagawa na akafungwa kamba, watu wa sala walimpa kitanda, chakula, kazi ya shamba na daftari la kumbukumbu. Walimwombea pia. Hawakuona kwamba kimoja kinafuta kingine.

Halafu mwaka 2011 Mchungaji mstaafu wa kanisa hilo hilo la Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alivuma kwa kutoa kikombe cha dawa kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Nchi nzima ilikwenda, mawaziri wakiwemo. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na wapo waliofia humo. Sitawaita wajinga watu wale; aliye na mgonjwa wa saratani au UKIMWI nyumbani anajua kwa nini walipanda gari. Naiuliza dawa. Ilisemwa kwamba inaponya ikitolewa kwa mkono wa Mwasapila mwenyewe tu. Hapo ule mlango umefungwa tena: maabara ikipima mti wa dawa hiyo isione kitu, jibu lipo tayari, kwamba haukutoka mkononi mwake. Na waliorudi nyumbani hawakuwa na mtu wa kuwafuatilia baada ya miezi mitatu na kuandika nani amepona, nani yuko vilevile, nani ameacha dawa zake za hospitali akafariki. Wachungaji, masheikh na waganga wakuu wa wilaya wangeweza kuifanya kazi hiyo ya kuandika majina. Ibrahim na Tomaso wangewaelewa.

“Anayehoji kila kitu ndiye anayefikiri.”

Uongo. Hili ndilo dai linalonisumbua zaidi siku hizi, kwa sababu limevaa nguo za busara.

Mei 2020 Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa na korona. Je, mashine za kupima zinaweza kukosea? Ndiyo, kila kipimo kina makosa yake, na swali hilo ni halali kabisa. Lakini swali halali linadai kazi: sampuli zilikuwa ngapi, zilirudiwa mara ngapi, maabara nyingine ilipata nini, nani alisimamia. Kilichofuata ni kwamba takwimu za taifa ziliacha kutolewa. Swali likatumika kama kufuli. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania likatoa waraka wa kuwakumbusha waumini kwamba ugonjwa upo na wajikinge. Kwa kipimo cha kauli tuliyoanza nayo, maaskofu walipaswa kuwa watu wa kumeza. Wao ndio waliokuwa wanahesabu mazishi.

Mtu anayetilia shaka chanjo, dunia kuwa duara na kila kauli ya daktari, kisha akaamini bila hata swali moja sauti iliyotumwa kwenye simu yake na mtu asiyemjua, hajaacha kumeza. Amebadilisha mpishi.

“Ishara za wazee za mvua ni ushirikina.”

Haifai kuhukumiwa hivyo kwa jumla, na Lushoto imeonyesha njia nzuri kuliko ubishi.

Kabla ya vuli na kabla ya masika, wazee wa milimani hutazama miti inayochanua na kuchipua, ndege, wadudu, mwelekeo wa upepo na hali ya mwezi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania walikaa na wakulima wa Lushoto, wakaziorodhesha ishara hizo, wakalinganisha utabiri wa wazee na utabiri wa kitaalamu, na kutafuta namna ya kuunganisha yote mawili ili mkulima apate kauli moja itakayomfaa shambani. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2015. Zipo ishara zenye sababu inayoeleweka, kwa mfano mmea unaoitikia unyevu na joto la hewa wiki kadhaa kabla ya mvua. Zipo ambazo huenda ni mazoea tu. Huwezi kuzitenganisha kwa kubishana barazani. Unaziandika mapema, unasubiri msimu, unahesabu.

Hapo ndipo wazee hao walipofanya jambo ambalo mfalme wa Vuga hakulifanya, mabwana shamba wa miaka ya 1950 hawakulifanya, na Samunge halikufanyika. Walikubali kauli yao iwekwe kando ya kauli ya mwingine na mvua iamue. Kila wiki Lushoto inapokea watu wenye ahadi: muuza mbolea mpya, muuza mbegu, mhubiri wa mkutano wa uponyaji, mganga mwenye bango barabarani, mtaalamu wa mradi mwenye gari jeupe. Kabla hawajapewa uwanja au pesa, serikali ya kijiji inaweza kuwaomba waandike katika daftari la kijiji wanachoahidi kitatokea, lini, na kitu gani kikitokea watakubali kwamba wamekosea. Anayekataa kuijaza safu ya mwisho asipewe uwanja.